Vyaelea, na Bado Vyaundwa



Kila mtoto wa pwani hukua akiisikia methali hii: ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Husemwa kumkumbusha mtu aheshimu jasho ambalo hakulishuhudia, na adabu hiyo sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni wa sarufi, na ni mdogo kama silabi moja: ile -me- ya “vimeundwa”. Silabi hiyo hutangaza kwamba kazi imekwisha, fundi amefuta tezo yake na kupokea ujira wake, na bahari imekabidhiwa kitu kilichotimia. Jioni hii nataka kuipinga. Chombo kidogo cha tanga, hasa kile ambacho mtu hukiunda mwenyewe kwa msaada wa jamaa na majirani, huwa kimefika nusu tu siku kinaposhuliwa. Nusu ya pili huundwa majini, na sehemu kubwa ya maarifa ya waundaji wetu imo katika nusu hiyo, ambayo hatuiandiki, hatuifundishi wala hatuilipii.

Shahidi wangu mkuu atakuwa ngalawa. Sikuchagua jahazi, kwa sababu jahazi lina uzito, lina shehena, lina farumi ngamani, na makosa yake madogo humezwa na ukubwa wake. Ngalawa haina pa kujificha. Ni mtumbwi wa gogo moja, mara nyingi la mwembe, wenye urefu wa mita 5 au 6, na upana wake mtu mzima akikaa ameujaza. Ukipandishwa tanga ukiwa peke yake ungepinduka kabla kamba ya demani haijakazwa. Kinachouokoa ni miti ya kukingama, yaani mirengu, inayotokeza nje kila upande, na mbao zilizofungwa kwenye ncha zake, yaani matengo. (Majina haya hubadilika kutoka kijiji hadi kijiji, atakayenisahihisha huenda amekulia Pemba au Mafia, na haki ni yake.) Juu yake kuna mlingoti mmoja, foromali moja, yaani mti unaobeba tanga, na tanga moja la pembe tatu. Wakomoro huiita galawa, na jamaa zake wenye matengo wapo Madagaska, kisha ng’ambo ya bahari hadi Indonesia. Ukoo huo umewashughulisha wanazuoni tangu enzi za James Hornell, aliyeandika juu yake katika miaka ya 1930. Mimi leo nauacha, kwa kuwa swali langu si ngalawa ilitoka wapi bali hukamilika wapi.

Niseme kwanza kwa nini tumezoea kudhani inakamilika nchi kavu. Kushua ni sherehe. Husubiriwa bamvua, maji yanapojaa juu kabisa baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Huitwa watu wa kuvuta na kusukuma, huwekwa magogo ya kuviringishia, huombwa dua, huliwa chakula. Chombo kikigusa maji na kuelea, kila mtu hupata hisia ya tamati, na fundi husifiwa hapo hapo. Lakini kuelea ni mtihani mwepesi kuliko yote. Gogo lenyewe lingeelea kabla halijaguswa na shoka. Anachotaka kujua mvuvi ni kama chombo kitakaa sawa, kitakwenda anakotaka, kitabisha upepo ukimkabili, na kitamrudisha. Hakuna hata moja kati ya hayo linalojibiwa na shangwe ya ufukweni.

Tuanze na mti. Gogo huchongwa likiwa bado bichi, aghalabu pale pale ulipoangushwa mti, ili lipungue uzito kabla ya kukokotwa kijijini. Mti haukui kwa rula. Kiini chake hakiko katikati barabara, upande mmoja una mafundo na upande wa pili hauna, na ubichi wake hukauka kwa mwendo usio sawa. Fundi hupima kwa dhiraa, shibiri na wanda; unene wa mbavu za mtumbwi huupima kwa kiganja na kwa sikio, akigonga na kusikiliza. Ni vipimo vya kuaminika, lakini vina mwisho wake, na hapa naomba ruhusa ya kufanya hesabu moja. Tuchukue mtumbwi ambao umbo lake kwenye usawa wa maji lina urefu wa mita 5 na upana wa sentimita 40, na ambao kwa kuchongoka mbele na nyuma hujaza kama sehemu 7 katika 10 za mstatili huo. Eneo hilo ni mita za mraba 1.4. Kila sentimita unayozama husukuma lita 14 za maji, na maji ya bahari yana uzito wa kama kilo 1.025 kwa lita. Basi kila kilo 14 huuzamisha sentimita moja. Mvuvi mmoja mwenye kilo 70 huuzamisha sentimita 5. Sasa fundi akiacha nusu sentimita tu ya unene wa ziada katika mita za mraba 6 za ganda lake, ameongeza kama kilo 20 za mbao, na hakuna jicho litakaloiona nusu sentimita hiyo iliyotawanyika. Ikiwa imerundikana zaidi upande wa kushoto, mtumbwi utalala kushoto. Maji ndiyo mizani ya kwanza yenye usahihi ambayo gogo lile limewahi kuwekwa juu yake, na ni maji ndiyo humwambia fundi arudi na tezo sehemu gani.

Huo ni ulalo tu, nao hurekebishwa upesi. Jambo la pili ni gumu zaidi, nalo ni mapatano kati ya tanga na mwili wa chombo. Upepo husukuma tanga kana kwamba nguvu zake zote zimekusanyika mahali pamoja, na maji hukishika chombo kwa ubavu kana kwamba yamekishika mahali pamoja. Pahali hapa pawili pakikaribiana vizuri, chombo huenda mbele na kana, yaani mkono wa usukani, hukaa mkononi kwa utulivu. Msukumo wa tanga ukiwa nyuma mno, omo, yaani sehemu ya mbele, hugeuka daima kuutafuta upepo, na nahodha hulazimika kuivuta kana safari nzima. Usukani uliovutwa hivyo ni breki, hula mwendo na kuchosha bega. Msukumo ukiwa mbele mno, omo huukimbia upepo, nayo ni hatari kubwa zaidi, maana chombo cha namna hiyo, mtu akiteleza au akiiachia kana, hujigeuza chenyewe na kuupa upepo tezi, yaani sehemu ya nyuma, badala ya kusimama.

Angalia sasa ugumu wake. Pahali pa msukumo hubadilika kila tanga linapojaa au kukazwa. Pahali pa kushikwa na maji hubadilika kila chombo kinapolala, kila mtu anapohama kutoka mbele kwenda nyuma, kila kapu la samaki linapoongezeka. Kwa hiyo hakuna sehemu moja iliyo sahihi ya kusimamisha mlingoti. Ipo sehemu ifaayo kwa chombo hiki, tanga hili, watu hawa na upepo wanaokutana nao mara nyingi. Anayevua kipindi cha kusi, upepo mkali unapotoka kusini, hatairidhia hali inayomfaa anayevua kaskazi. Na dawa zake ni ndogo ndogo kiasi cha kuchekesha: kabari ya upana wa vidole viwili mbele au nyuma ya mlingoti, foromali kuteremshwa shibiri moja, kamba ya joshi kulegezwa kidogo, farumi ya mchanga kusogezwa. Mtu akitazama kutoka ufukweni haoni kilichobadilika. Aliyeishika kana anajua kwamba amepewa chombo kingine.

Matengo ndiyo ushahidi ninaoutegemea kuliko wote, kwa sababu wengi wetu tumefundishwa vibaya kazi yake. Hudhaniwa kuwa ni maboya. Boya huokoa kwa wepesi wake: ukilizamisha hukusukuma juu, uwe unakwenda au umesimama. Matengo ya ngalawa ni mbao nyembamba, zilizoinamishwa kwa pembe, na ujazo wake ni mdogo mno kumbeba mtu. Yanafanya kazi kwa mwendo. Upepo unapoilaza ngalawa, tengo la upande wa demani, yaani upande upepo unakoelekea, hugusa maji. Kwa kuwa limeinama, maji yanayolipita hulisukuma juu, kama kiganja kinavyosukumwa ukikitoa nje ya dirisha la basi na kukiinamisha. Msukumo huo hukua kwa mraba wa mwendo: mwendo ukiwa maradufu, msukumo huwa mara nne. Ndiyo maana ngalawa inayokimbia huwa imara kuliko inayojikokota, kinyume cha anavyotarajia abiria mgeni. Na ndiyo maana upepo wa ghafla unapoikuta imesimama, mtu mmoja hutoka haraka na kukalia mrengu wa joshini, upande upepo unakotoka. Uzito wake hufanya kazi ambayo tengo haliwezi kuifanya bila mwendo.

Sasa mwulize mchoraji yeyote akupe pembe ya kuinamisha tengo hilo. Ukiliinamisha kupita kiasi litakamata maji kama jembe na kuivuta ngalawa upande mmoja. Ukilipunguzia mno halitainua kitu. Pembe ifaayo inategemea mwendo, na mwendo unategemea tanga, na tanga linategemea mzigo. Na urefu wa mirengu unaingia katika hesabu hiyo hiyo, maana mrengu mrefu humpa mtu nguvu ya wenzo lakini pia hulipa wimbi nguvu ya kuuvunja. Waundaji wa ngalawa hawakulipata jibu kwa kukaa chini ya mkungu. Walilipata kwa kuacha swali wazi. Tazama jinsi sehemu hizi zinavyoungana: kwa kamba na vigingi. Kamba hufunguliwa. Kigingi hugongwa kikatoka. Aliyetaka kazi yake isiguswe tena angepiga misumari na kumaliza. Aliyechagua kamba alijua kwamba kesho atarudi, naye akaiweka nafasi ya kurudi ndani ya chombo chenyewe.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba kamba za ngalawa ni dalili ya umaskini wa vyuma. Misumari imekuwapo pwani hii kwa karne nyingi, na majahazi hupigiliwa nayo. Fundi wa ngalawa anaijua, na mahali pengine huitumia. Pale anapoiacha, tumchukulie kuwa ana sababu.

Juu ya tanga nitasema machache. Nguo mpya hutanuka. Marikani, ile pamba iliyoanza kuletwa na wafanyabiashara wa Marekani katika karne ya 19 na kubaki na jina lao, ilijulikana kwa hilo: tumbo la tanga siku ya kwanza si tumbo lake baada ya wiki mbili za jua na chumvi. Mshonaji mwenye busara alikata tanga akijua litakavyokuwa, kisha akalitazama likiwa limejaa upepo na kulipunguza pindoni. Nguo za leo za nyuzi za viwandani hutanuka kidogo tu, lakini zile za magunia na maturubai yaliyoshonwa upya, ambazo ndizo wavuvi wengi wanazimudu, zina tabia zao, na hakuna anayezijua kabla hazijapandishwa.

Kuna jambo jingine ambalo wanaoandika juu ya vyombo vyetu hulipita haraka, nami naona ndilo lililowezesha yote haya. Ni maji kupwa na kujaa. Unguja, wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji ya juu na ya chini hufika karibu mita 4. Mara mbili kwa siku bahari humwekea fundi chombo juu ya mchanga, mkavu, upande wa chini ukiwa wazi, kisha baada ya saa sita hivi hukichukua tena bila kudai malipo. Anayeunda mashua kwenye bahari isiyokupwa, kama ilivyo sehemu kubwa ya Mediterania, hana budi awe na njia ya mteremko, kapi na watu wa kuvuta kila anapotaka kuona mkuku wake. Hapa kwetu mtu anaweza kujaribu chombo asubuhi, kukirudisha maji yakipwa, kuhamisha kabari, kukwangua, kukibabua kwa moto wa makuti kuwaua minyoo watoboao mbao, kupaka deheni, na kukijaribu tena jioni. Gharama ya kurekebisha ilikuwa ndogo kiasi kwamba ufundi wenyewe ukajengwa juu yake. Sidhani ni bahati tu kwamba ufundi unaotegemea marekebisho ya mara kwa mara ulistawi kwenye pwani yenye maji yanayotembea kiasi hiki.

Nije sasa kwenye pingamizi, na la kwanza linatoka kwa mafundi wenyewe. Fundi wa kweli, wanasema, hukipata chombo mara ya kwanza. Anayehangaika na kabari baada ya kushua ni mwanagenzi, na kumsifu ni kukipa cheo cha elimu kile tunachokiita kuunga-unga. Pingamizi hili lina uzito na sitalizunguka. Ni kweli kuna urekebishaji ambao ni uzembe tu: ufa uliozibwa kwa kitambaa, tengo lililofungwa ovyo likafungwa tena ovyo. Tofauti yake na ninachokitetea ni hii: aungaye-unga hajui kwa nini kitu kimemkatalia, na akifanikiwa hajui kwa nini kimemkubalia. Mrekebishaji hubadilisha kitu kimoja tu kwa safari moja. Anayehamisha mlingoti na kupunguza tanga siku hiyo hiyo hatajua kipi kilichomponya. Nidhamu hiyo ya kitu kimoja kwa safari moja ndiyo ile ile inayofundishwa katika maabara, na wapo wazee wasiojua kusoma walioishika kwa ukali kuliko wanafunzi wengi wa sayansi. Ama fundi anayekipata chombo mara ya kwanza, yupo, lakini tuulize amekipataje. Amekipata kwa sababu vyombo vyake ishirini vya nyuma vilimrudia na malalamiko, akayasikiliza. Mara ya kwanza yake ni mara ya ishirini na moja.

Pingamizi la pili linatoka kwa wasomi. Pierre Bouguer, Mfaransa, alichapisha mwaka 1746 kitabu kilichoeleza namna ya kukokotoa uthabiti wa merikebu kabla haijajengwa. Leo programu ya kompyuta hufanya hesabu hizo kwa dakika chache, pamoja na pembe za matengo na mapatano ya tanga na mkuku. Kwa nini basi tumsumbue mvuvi na kabari? Naikubali hesabu kwa moyo mweupe. Nimeitumia mwenyewe hapa mbele yenu. Lakini wenye hesabu hawakuyaacha maji. William Froude, mhandisi Mwingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1870 alijenga tangi refu karibu na Torquay, kwa fedha za jeshi la majini la nchi yake, ili akokote vielelezo vidogo vya merikebu na kupima upinzani wa maji, kwa kuwa hesabu za siku zake hazikutosha kuutabiri. Matangi ya namna hiyo yanatumika hadi sasa. Isitoshe, hesabu inahitaji kupewa vipimo kamili, na gogo la mwembe halina karatasi ya vipimo. Ukitaka kuliingiza kwenye kompyuta lote, pamoja na mafundo yake na ubichi wake, itakubidi kwanza ulipime uzito na ulalo wake. Mahali rahisi pa kuvipima ni majini.

Wapo watakaosema kwamba hoja yangu ni ya magogo, na kwamba mbao za kiwandani, zenye unene mmoja, zimelimaliza tatizo. Basi tuiangalie Mirror, mashua ndogo ya Uingereza, maana ni mfano unaowapendelea wao. Barry Bucknell, aliyewafundisha Waingereza useremala wa nyumbani katika televisheni, aliibuni pamoja na mchoraji Jack Holt, na ilitolewa mwaka 1963 kwa jina la gazeti la Daily Mirror, na tanga jekundu. Ina urefu wa mita 3.3. Vipande vya mbao za tabaka vilikuja vimekwisha kukatwa. Mnunuzi, akiwa nyumbani kwake, aliviunganisha kwa vishikizo vya waya wa shaba, kisha akaviziba kwa utepe wa nyuzi za kioo na gundi. Zimeundwa zaidi ya 70,000. (Nashindwa kupita bila kutaja kwamba pwani hii ilikuwa ikishona mbao zamani: mitepe ya Lamu na jirani zake ilishonwa kwa kamba ya usumba, na ule mwongozo wa mabaharia wa Kigiriki wa karne ya kwanza unasema mji wa Rhapta ulipata jina lake kutokana na vyombo vya kushona. Tofauti ni kwamba waya wa Mirror ni wa kushikiza tu mpaka gundi ikauke, na kamba ya mtepe ndiyo kiungo chenyewe.) Hapa pana mwili uleule mara 70,000, gundi isiyofunguka, unene mmoja. Je, kazi iliishia gereji? Haikuishia. Mwinamo wa mlingoti, mkazo wa kamba zake, umbo la tanga, mahali pa kukaa mabaharia: yote yaliachwa kwa mwenye chombo, na yote yanabadilisha mwendo.

Mashua nyingine ndogo, Optimist, inaeleza jambo hili vizuri zaidi. Clark Mills aliibuni mwaka 1947 huko Clearwater, Florida, kwa ajili ya watoto, nayo ni sanduku la mita 2.3 ambalo umbo lake liliamuliwa na ukubwa wa ubao wa tabaka wa dukani. Leo sheria za mashindano yake ni kali mno, ili mtoto ashinde kwa ustadi wake badala ya fedha za baba yake. Hata hivyo sheria hizo hazikuuziba mwinamo wa mlingoti. Watoto huupima kwa utepe kutoka kileleni hadi ubao wa tezi kabla ya kuingia majini. Waliotunga sheria walijua kwamba mtoto wa kilo 35 na mtoto wa kilo 50 wakikaa katika sanduku moja wamekaa katika vyombo viwili tofauti. Kiwanda kinaweza kusawazisha mbao. Hakiwezi kusawazisha watu na upepo.

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote, nalo linahusu uhai. Bahari huua. Kusema kwamba chombo kikamilishwe majini, wengine wataona, ni kuwapa wazembe kisingizio cha kuwapakia watu katika kitu ambacho hakijathibitishwa. Najibu kwa kutaja merikebu kubwa, kwa kuwa ilikufa kwa kosa lililo kinyume na hilo. Merikebu ya kivita Vasa ilishuliwa Stockholm, na kabla ya safari ikajaribiwa gatini: mabaharia 30 walikimbizwa juu ya sitaha kutoka ubavu hadi ubavu kuona itayumba kiasi gani. Iliyumba vibaya hata jaribio likasimamishwa, kwa kuogopa isizame pale pale. Maji yalikuwa yameshatoa hukumu. Lakini mfalme alikuwa anaingoja, mizinga ilikuwa imepangwa, na siku ilikuwa imetangazwa. Tarehe 10 Agosti 1628 ikatweka matanga, ikaenda kama mita 1,300, ikalazwa na upepo usiokuwa mkali na maji yakaingia kwenye madirisha ya mizinga. Waliokufa hawakuuawa na jaribio. Waliuawa na imani kwamba siku ya kujaribu ilikuwa imepita, kwamba chombo kilikuwa kimeundwa. Jaribio linalostahili jina lake huanza ndani ya mwamba, mahali ambapo mtu akipinduka anasimama, kwa upepo mwanana wa asubuhi, bila abiria na bila shehena, na huruhusu jibu la “hapana”. Chombo kinachopewa nafasi ya kukataa mapema hakitakataa katikati ya mkondo.

Na mwisho kuna wanaosema kwamba mjadala wote huu umepitwa na wakati, kwa sababu miembe minene imekuwa adimu na wakati ujao ni wa nyuzi za kioo na plastiki. Hilo la uhaba ni kweli, na ni la kusikitisha. Lakini linaipa hoja yangu nguvu. Chombo cha kumimina katika kalibu hurudia kosa la kalibu mara mia, kwa uaminifu kamili. Busara ni kuunda kimoja, kukisafirisha, kukirekebisha hadi mkono wa nahodha uridhike, ndipo kalibu itengenezwe. Na kwa plastiki tuna mfano wa Lamu. Flipflopi, jahazi dogo la mita 9 lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa na kuyeyushwa upya, lilishuliwa Septemba 2018, na mapema mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar, mwendo wa karibu kilomita 500. Plastiki hupinda upesi kuliko mbao, na waundaji wale hawakuwa na babu wa kumwuliza inavyotenda ikipigwa na wimbi. Wanapokosa kumbukumbu, mafundi hubaki na ile nusu ya pili tu: kutazama, kubadilisha kimoja, kutazama tena.

Kama haya ni kweli, yapo mambo tunayoyafanya kinyume. Tunamlipa fundi ujira wote siku ya kushua na kumwacha aende zake, ilhali miezi mitatu inayofuata ndiyo ambayo jicho lake linahitajika zaidi. Afadhali sehemu ya malipo ingoje, na fundi apande chombo pamoja na mwenye nacho. Tunapohifadhi ufundi huu katika makumbusho tunapima urefu, upana na idadi ya mataruma, na hatuulizi kabari ile ya mlingoti iliwekwa lini na ilikuja baada ya lalamiko gani. Na katika vyuo vya ufundi tunamtahini kijana kwa chombo kilichowekwa juu ya vigingi uani, kikavu, kimepakwa rangi. Daftari la senti chache, linaloandikwa upepo, mzigo, kilichobadilishwa na kilichotokea, lingemfundisha mengi kuliko rangi hiyo.

Mtauliza marekebisho haya huisha lini. Mtumbwi wa mwembe huoza na kupasuka baada ya miaka ya kazi, na siku hiyo hautupwi wote. Mlingoti ukiwa mzima hutolewa, foromali hutolewa, matengo na mirengu inayofaa hufunguliwa kamba na kuwekwa kando kwa ajili ya gogo jipya. Fundi mwenye kumbukumbu anapolichonga gogo hilo hulitoboa tundu la mlingoti vidole viwili nyuma ya lilipokuwa la zamani, pale ambapo kabari ilikuwa imeusukuma mlingoti, na sasa kabari haihitajiki. Kisha husubiri bamvua na kulishua. Gogo jipya lina kiini chake na mafundo yake, hulala kidogo upande wake lenyewe, na kabla ya wiki kwisha fundi yuko ufukweni, maji yamekupwa, anachonga kabari nyingine.